Ulimi wa Moto Uliopinda

Kazi yangu ni kuchomea vyuma. Karakana iko Chake Chake, nyuma ya soko, na ingawa magoti yamechoka bado naifungua kila siku isipokuwa Ijumaa. Nimetengeneza mageti, madirisha, vitanda, matela ya kubebea magunia ya karafuu, na kaburi moja nimelizungushia uzio. Katika vyote hivyo kazi ni ile ile moja: kugusisha kijiti cha kuchomea kwenye chuma, kukinyanyua kidogo tu, kiasi cha punje ya mchele, na kuushika moto unaotokea hapo katikati usizimike.

Moto ule sisi tuliuita ulimi. Ukiutazama kupitia kioo cheusi unauona umesimama baina ya kijiti na chuma, mweupe, umetulia, na chini yake chuma kinakuwa kama uji. Ulimi ukisimama wima, mshono unatoka mzuri. Ukiyumba, mshono nao unayumba. Miaka mingi niliamini kwamba kinachoyumba ni mkono wa fundi, au macho yake.

Mwenzangu katika karakana alikuwa shemeji yangu, kaka yake mke wangu. Anakaa kijiji cha Ole. Alikuwa akija asubuhi kwa baiskeli, kanzu kaikunja kwenye mfuko, suruali ya kazi kaivaa njiani. Alisoma chuo cha Kurani, akasoma skuli mpaka darasa la saba, kisha akaingia shambani na baadaye kwenye chuma. Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne. Tofauti ile ndogo niliibeba kama cheo. Mteja akiuliza jambo la vipimo, mimi ndiye niliyejibu hata kama shemeji alikuwa amekwisha kulijua jibu kabla swali halijaisha.

Kwa muda mrefu tulikuwa na mashine moja, nzito, ya nyaya za shaba, iliyonguruma kama jenereta. Kazi zilipoongezeka nikanunua ya pili, ile ndogo ya siku hizi ambayo mtu anaibeba begani. Nikampa shemeji hiyo mpya, nami nikabaki na ile kongwe niliyoizoea. Nilijiona nimemfanyia hisani, na sikuacha kumkumbusha.

Mashine hiyo ilikuja na kibanio dhaifu cha ethi, yaani kile kinachoung'ang'aniza kwenye chuma waya wa kuurudisha umeme. Kibanio kilikuwa kinachomoka kila mara. Basi nikafanya uvumbuzi wangu. Spika moja kubwa ya pembe ilikuwa imekufa, nikaipasua, nikaitoa sumaku yake, duara nene kama andazi la jana, nikaifunga na ule waya. Ukiiweka kwenye chuma inanasa yenyewe, hakuna kubana wala kulegea. Nilifurahi sana. Nikamfundisha shemeji aiweke karibu kabisa na pale anapochomea, ili umeme usipate safari ndefu.

Hapo ndipo kazi zake zilipoanza kuharibika.

Cheche zikawa zinaruka upande mmoja. Mshono ukawa unapanda juu ya chuma kimoja na kukiacha cha pili. Shemeji alibadilisha vijiti, akapunguza moto, akaongeza moto, akageuka akakaa upande wa pili wa meza. Siku moja akavua kioo chake usoni, akaitazama ile sumaku kwa muda.

"Shemeji," akaniambia, "hii sumaku yako inaupuliza moto."

"Inafanya nini?"

"Inaupuliza. Natazama kwa macho yangu. Ulimi unalala, kama mtu kauvuvia."

Nilicheka mpaka mteja aliyekuwa amekaa kwenye benchi akacheka na yeye bila kujua anacheka nini.

"Yakhe, sumaku inavuta chuma. Moto una chuma? Hewa ina chuma? Kupuliza ni kazi ya feni. Ingekuwa nimekufungia feni hapo, ningekubali."

"Miye sijui ina nini. Nnakwambia ninachokiona."

"Basi tizama vizuri."

Akakirudisha kioo usoni. Ningeweza kunyanyuka pale pale, nikaitoa ile sumaku na kumwambia ajaribu bila ya hiyo. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Sikunyanyuka, kwa sababu sumaku ilikuwa ni fikra yangu, na kwa sababu skuli walinifundisha kwamba sumaku inavuta chuma.

Baada ya hapo kamati ya msikiti mmoja kule Ole, kijiji chake hasa, ikatuagiza stendi ya tangi la maji ya kutawadhia. Miguu minne ya chuma cha pembe, kwenda juu kama kimo cha mtu na nusu. Miguu miwili niliiunga mimi, miwili aliiunga shemeji. Siku ya kuichukua nilipita na nyundo nikilibanduabandua gamba la juu ya mishono, nikauona mmoja katika mishono yake umelala upande mmoja. Mnene huku, mwembamba kule. Nilijua maana yake. Lakini gari la kubebea lilikuwa limeshafika, na wazee wa kamati wamesimama mlangoni na kofia zao safi. Nikachukua brashi nikaupaka rangi ya kuzuia kutu. Rangi nyekundu ikafunika kila kitu, stendi ikapendeza.

Tangi lilipojazwa kwa mara ya kwanza mguu ule ulifunguka. Stendi ikainama polepole, kwa mujibu wa walioona, kisha tangi likaja chini lote, likavunja ukuta wa choo na mpapai mmoja. Ilikuwa baada ya alasiri, watu wameshatoka. Hakuna aliyeumia. Mpaka leo nikipita pale nasema alhamdulillahi, na nasema kwa sauti.

Kesho yake walikuja karakana watu wanne, wazee watatu wa kamati na sheha wa kijiji. Shemeji alikuwepo, anasugua kutu kwenye dirisha. Mzee mkubwa wao, mtu mpole ambaye hata hasira zake zinakuja na salamu, akaniuliza hali, akaniuliza watoto, kisha akaniuliza:

"Mguu ule kachomea nani?"

Nilikuwa na majibu mengi. Ningesema, mimi ndiye mkubwa wa karakana na mimi nimeupitisha. Ningesema, niliona kasoro nikaipaka rangi. Nilichosema ni hiki:

"Kachomea shemeji. Mniwie radhi, wazee wangu. Macho yake siku hizi si yale, nami nimechelewa kumpumzisha."

Niliitamka kwa huruma, kama mtu anayemtetea mwenzake, na huruma ile ndiyo inayonichoma zaidi ninapoikumbuka. Wazee wakatikisa vichwa, wakasema maskini, umri huo. Shemeji akaiweka brashi ya waya chini. Akavua glavu, moja, halafu ya pili, akazipanga juu ya mashine mpya. Akanawa mikono kwenye ndoo, akawaaga wazee wote mmoja mmoja kwa kuwashika mikono. Kwangu hakufika. Akapanda baiskeli.

Nyumbani mke wangu alikuwa anashona kofia. Habari ilikuwa imeshamfikia.

"Kaka yangu haoni?" akaniuliza, na sindano hakuiacha.

"Umri, bibi wee. Na ule mwanga wa kazi."

"Mwanga wa kazi. Juzi kaja hapa, uzi umenishinda, kanitilia yeye kwenye tundu la sindano hii. Mara moja tu. Hata mate hakutia."

Nikaenda kunawa mikono. Yeye naye hakulirejea neno hilo tena, lakini tangu siku ile kila uzi ulipomshinda alikuwa ananiletea mimi nimtilie, na ananisubiri.

Neno nililolisema likaenda Ole likafanya kazi yake. Msimu wa karafuu ulipofika, shemeji akataka kupanda mikarafuu yake mwenyewe, wanawe wakamzuia. "Baba, macho hayo." Akaenda kwenye harusi, wanamtania: "Mpisheni fundi, asije akamuoa mama mkwe." Akashika nyundo kumtengenezea jirani mlango wa banda, jirani akamshukuru, akamwita mtu mwingine. Alikuwa mtu wa zaidi ya miaka hamsini, mwenye mikono mizuri kuliko yangu, na watu walikuwa wanamshika mkono kumvusha barabara. Kilichobaki ni mihogo. Akalima mihogo.

Nami nikaendelea na karakana peke yangu, kwa ile mashine kongwe. Mpya niliifunika gunia. Nilijiambia sina mtu wa kuitumia.

Ulipita mwaka na zaidi. Siku moja nikaitwa na skuli moja ya sekondari hapa mjini nikatengeneze viti vya maabara vilivyolegea miguu. Nikakaa barazani na viti vyangu, mlango wa maabara uko wazi. Ndani mwalimu, binti kijana mwenye mtandio mweupe, alikuwa amewakusanya wanafunzi kwenye meza. Amefunga madirisha mapazia. Mbele yake ana bomba jembamba la kioo, lililozibwa pande zote mbili, na ndani yake umewaka mstari wa mwanga wa zambarau, umenyooka kama uzi.

"Ndani humu mna gesi kidogo tu," aliwaambia. "Hewa nyingi tumeitoa. Sasa tizameni."

Akachukua sumaku, akaisogeza karibu na bomba. Ule mstari wa mwanga ukapinda. Haukuvutwa kwenda kwenye sumaku, wala haukuikimbia. Ulilala ubavuni. Akaigeuza sumaku upande wa pili, mwanga ukalala upande wa pili. Wanafunzi wakaguna kwa mshangao. Mimi barazani nilikuwa na mguu wa kiti mkononi, na nilihisi kama mtu kaniita kwa jina langu mbele ya watu.

Nilisubiri kengele. Wanafunzi walipotoka nikabisha hodi.

"Karibu, babu. Viti vimekwisha?"

"Bado, mwalimu. Nnataka kuuliza. Ile sumaku imeufanya nini ule mwanga?"

Akanitazama, akaona sitanii. Akaliwasha tena bomba, akanipa mimi sumaku niishike. Nikaisogeza kwa mkono wangu. Mwanga ukalala.

"Lakini gesi haina chuma," nikamwambia. Nilisikia sauti yangu ile ile ya siku niliyomcheka shemeji.

"Haina, kweli. Na hapa sumaku haitafuti chuma." Akavuta kiti kimoja nilichokwisha kukikaza, akakaa. "Gesi ikiwa imetulia, kama hewa hii tunayovuta, sumaku haiishughulishi, au inaishughulisha kwa kiasi kidogo mno. Lakini ukiipitishia umeme, chembe zake zinapasuka. Vinatoka vipande vyenye chaji, vinakimbia, hivi huku, vile kule. Sasa, kitu chenye chaji kikikimbia mbele ya sumaku kinasukumwa ubavuni. Hakivutwi, hakifukuzwi. Kinatolewa njiani."

"Kama mtu anapita sokoni akapigwa kikumbo."

Akacheka. "Kama hivyo. Wewe babu unachomea, si ndiyo? Basi kila siku unaishika gesi kama hii mkononi mwako. Ule moto wako ni hewa iliyopasuka, inapitisha umeme."

Nikamuuliza kwa nini mashine yangu kongwe haikuwahi kunisumbua, hata nilipochomea meza moja na sumaku ile. Akaniuliza ni ya namna gani, nikamweleza. Akasema huenda ile ya zamani inatoa umeme unaogeuka kwenda na kurudi mara nyingi katika sekunde moja, kwa hiyo msukumo nao unageuka, huku na huku, na moto haupati nafasi ya kulala. Mashine ndogo za siku hizi zinaunyoosha umeme uende upande mmoja tu. "Hapo ukiweka sumaku karibu, babu, utapata tabu."

Nilimaliza viti vile, nikavikaza kimoja kimoja kuliko kazi nyingine yoyote niliyoifanya mwaka ule.

Karakana nikaivua mashine mpya gunia lake. Nikachukua vipande viwili vya chuma cha pembe, nikaiweka sumaku pale pale nilipomfundisha shemeji aiweke, nikavaa kioo. Ulimi ukalala. Nikaugeuza uso wa sumaku, ukalala upande wa pili. Nikaiondoa nikaenda kuitupa mwisho wa karakana, nikaufunga waya kwa boliti, nikachomea. Ulimi ukasimama wima. Mshono ukatoka kama uliochorwa.

Nikakaa chini kwenye sanduku la vifaa. Adhana ya adhuhuri iliadhiniwa nikaisikia, na nikachelewa sala ya jamaa.

Kesho yake nilikwenda Ole. Nilimkuta katika mihogo, anapalilia. Tulisalimiana kama watu wa mbali. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama: sumaku, gesi, bomba la kioo, na mshono nilioupaka rangi, ambao yeye hakuujua. Aliposikia habari ya rangi aliacha kupalilia.

"Kumbe uliuona?"

"Niliuona."

"Na ukajua?"

"Nikajua haufai. Sababu ndiyo sikuijua. Uliniambia wewe, nikakucheka. Nisamehe, shemeji."

Akaegemea jembe. Kisha nikaona pembe ya mdomo wake imecheza.

"Kwa hiyo feni imepatikana."

"Imepatikana."

"Na umekwenda kuelezwa na mtoto wa skuli, weye msomi."

"Mwalimu, si mtoto. Lakini nimeelezwa."

"Khaa." Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Nimekusikia. Lakini ulinisema mbele ya wazee watatu na sheha. Hapa tuko na mihogo tu. Mihogo hainiiti kipofu."

Hakupandisha sauti. Alikuwa ananionesha nilipokosea, kama anavyomuonesha mtu kipimo. Nikamwambia, Ijumaa, pale pale msikitini. Akasema, Ijumaa, na uje na mashine.

Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa Ijumaa ile, na mimi ni mtu niliyewahi kupigwa na umeme mara tatu. Baada ya sala na sunna, yule mzee mpole aliwaomba watu wasiondoke. Nikasimama uani, karibu na ukuta mpya wa choo. Nilisema kwamba macho ya shemeji hayana kitu na hayajapata kuwa na kitu. Nikasema kosa lilikuwa sumaku niliyoiweka mimi, kwamba yeye aliniambia na mimi nikakataa, na kwamba ule mshono mbovu niliuona nikaufunika rangi kwa sababu niliona haya kuwarudisha wazee mikono mitupu. Hapo kwenye rangi mzee mpole akageuka kuutazama ukuta mpya.

"Tulikuwa tunasali hapa na watoto wetu," akasema.

"Najua, mzee wangu."

Akawageukia wenzake wa kamati.

Mtu mmoja nyuma akasema sumaku kupinda moto ni hadithi za skuli. Shemeji akasema, "Basi njooni muone." Waya ulivutwa kutoka msikitini, mashine ikawashwa, shemeji akakaa kwenye kigoda na vyuma vyake. Vioo tulikuwa navyo viwili tu, kimoja chake, kingine kikapitishwa kwa watu. Wazee wa Ole wakapanga mstari na kanzu zao za Ijumaa, kila mmoja akainama, akakiweka kioo usoni, akatazama.

"Umelala! Wallahi umelala!"

"Hebu nipishe, weye ushaona."

"Sheha, subiri zamu, hapa hakuna usheha."

Mzee mmoja ambaye sote tunajua haoni mbele ya pua yake alikishika kioo kwa muda mrefu kuliko wote, akasema, "Miye nimeona," na watu wakacheka mpaka shemeji ikambidi auzime moto acheke na yeye.

Kisha akaiondoa sumaku, akafunga waya vizuri, akachomea pembe moja mbele yao. Alichukua muda wake. Mshono ukatoka umelala sawa huku na huku, mawimbi madogo madogo yamefuatana. Mzee mpole akaomba nyundo, akaupiga mwenyewe, akaupiga tena kwa nguvu zaidi. Haukufunguka. Akamrudishia shemeji nyundo kwa mikono miwili.

"Tutahitaji geti la upande wa kinamama," akamwambia yeye, si mimi. "Utatufanyia?"

"Inshallah," akasema shemeji.

Alirudi karakana, lakini si kama alivyoondoka. Aliweka sharti moja, kwamba hakuna kitu kitakachopakwa rangi kabla yeye hajakiona. Nilikubali kabla hajamaliza kulisema. Siku ya kwanza alinikatalia kazi zangu mbili, akanirudishia ya tatu. Nilirudia zote.

Nikihesabu neema nilizopewa katika umri huu, sianzi na afya wala watoto. Naanza na tangi lililoanguka saa ambayo hapana mtu chini yake. Halafu mwalimu aliyekaa na mzee mwenye mafuta mikononi akamueleza kwa subira. Halafu mke ambaye hakunigombeza, ila aliniletea uzi. Na juu ya hao, mtu aliyenidai jina lake waziwazi, tena mbele ya watu, badala ya kuninyamazia mpaka nife nalo. Angenisamehe palepale kwenye mihogo, ningerudi mjini nimefurahi, na yeye angebaki anavushwa barabara.

Wiki iliyopita alishuka mtu kutoka Mkoani na kipande cha geti kilichovunjika, kakifunga kwenye pikipiki. Akasimama mlangoni, akanisalimu vizuri, akachungulia ndani.

"Mzee, yule fundi wa Ole yupo?"

"Anakuja, yuko njiani," nikamwambia. Nikampa kiti amsubiri.